Jumapili ya Tatu

Jumapili hiyo hakuna aliyesikiliza mahubiri. Kanisa zima, wanaume upande wa kulia na wanawake upande wa kushoto, lilikuwa linamwangalia Mzee Mathenge, na Mzee Mathenge alikuwa anaangalia kofia yake aliyoipakata magotini.

Watu walijua. Katika kambi ya wafanyakazi wa shamba pale Kiamunyi, ukikohoa nyumba ya kwanza unapewa pole nyumba ya mwisho. Na Mathenge hakukohoa, alipiga kelele. Alikuwa amemwambia mkewe Wangare, mlango ukiwa wazi, kwamba tangazo la ndoa ya binti yao lisomwe Jumapili ya kwanza, lisomwe ya pili, ili mtoto apate nafasi ya kufikiri. Ya tatu atasimama yeye mwenyewe, mzee wa kanisa, na kusema hapana.

Wamaitha, binti mwenyewe, alikaa benchi la pili mgongo wima. Hakuwa msichana wa kutetemeka mbele ya watu. Isitoshe, yeye alikuwa na ahadi ya Mungu, na mwenye ahadi ya Mungu angemwogopa vipi baba?

Mchumba wake, Kipketer, hakuwepo. Tangu mahindi yapandwe alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kule Nakuru mjini, yeye aliyekuwa mkamuaji hodari kuliko wote shambani. Kipketer alikuwa Mnandi na Wamaitha Mkikuyu. Walipendana kwa Kiswahili, lugha ambayo mama zao wote wawili waliizungumza kwa kubahatisha. Mathenge aliguna kidogo kuhusu hilo la kabila, akaja akalizoea, akapokea hata mbuzi wa posa. Kisha kijana akaanza kutema damu, na mzee akakumbuka kwamba hakuwahi kulizoea.

Hapo ndipo Wamaitha aliposimama katika mkutano wa ndugu wa wokovu, machozi yakimtiririka, akashuhudia kwamba Mungu amemwahidi: Kipketer atapona, atatoka hospitali, atamwoa. Nani angebisha? Kwa ndugu wa wokovu, ushuhuda wa mtu hauulizwi maswali. Unaitikiwa amina, na mtu mwenye sauti anaanzisha wimbo. Hata Mwalimu Kang'ethe, msomaji wa kanisa, aliyekuwa amekwenda hospitali na kuyaona kwa macho yake yaliyokuwa ya kuonwa, aliitika amina. Na baada ya kuitika, alikosa pa kutokea Wamaitha alipomfuata akidai matangazo ya ndoa yaanze mara moja, bwana harusi akiwa bado kitandani.

"Mtu akiahidiwa mvua, Mwalimu, atakaa bila kulima?" alimuuliza.

Na Mwalimu, maskini, akafungua kitabu cha matangazo.

Sasa alisimama mbele, akasafisha koo. "Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho ndoa kati ya Zakaria Kipketer, wa shamba hili, na Rahabu Wamaitha binti Mathenge, wa shamba hili. Kama kuna mtu anayejua kizuizi chochote, aseme sasa."

Benchi lililia. Lakini lililia upande wa wanawake.

Aliyesimama ni Chepngeno, dada mkubwa wa Kipketer, mwanamke mpole ambaye kanisa lile halikuwahi kusikia sauti yake isipokuwa katika nyimbo. Mikono yake ilikuwa imeshika ncha za leso aliyojifunga.

"Ndugu yangu amenituma," alisema, macho chini. "Amesema nikija nisimame. Amesema kizuizi kiko."

"Kizuizi gani, dada?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Amesema... amesema kizuizi ni yeye."

Mathenge aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wamaitha hakungoja baraka ya kufunga ibada. Alitoka kwa mlango wa nyuma huku mamake akimshika gauni na kuliachia, akaingia njia ya kwenda mjini.

*

Njia yote alitembea na hasira yake, akaishikilia vizuri isimtoke, maana alijua ikitoka kitakachobaki ni kilio. Alipita mashamba ya mahindi, akapita wenzake wa makanisa mengine wakirudi nyumbani wamevaa vizuri, wakamsalimia "Bwana asifiwe" naye akaitika bila kugeuka. Alipoliona ziwa chini kule, na ukingo wake wa waridi wa ndege heroe wasiohesabika, alikumbuka kwamba Kipketer alimwambia siku moja kuwa akitoka hospitali atamleta awaone kwa karibu. Akakaza mwendo.

Wagonjwa wa kifua walilala kwenye baraza ndefu iliyokuwa wazi upande mmoja, ili wapate hewa. Wageni walisimama nje, ng'ambo ya ukuta mfupi uliowafika kifuani. Kuvuka ukuta ilikuwa marufuku, kushikana mikono marufuku, na sista mwenye zamu alikuwa na macho yasiyosinzia. Kitanda cha Kipketer kilikuwa cha mwisho, karibu na ukuta.

Alikuwa ameegemea mto, macho njiani. Alikuwa amekonda tena tangu Jumapili iliyopita. Ile mikono iliyokuwa ikikamua ng'ombe wawili kabla mwenzake hajamaliza mmoja ilikuwa imelala juu ya blanketi, na mifupa yake ilionekana yote. Lakini macho yalikuwa yale yale, makubwa, yenye kucheka kabla ya mdomo, na Wamaitha alipokutana nayo hasira yake iliyumba.

"Nilijua utakuja mbio," Kipketer alisema.

"Usinichekee."

"Sicheki."

"Umeniaibisha, Kipketer! Mbele ya kanisa, mbele ya baba yangu! Mimi nimekaa hapo nangoja baba asimame, nimejitayarisha kwa baba. Kumbe ni wewe. Wewe!"

"Pole."

"Pole ni ya nini? Kama hunitaki ungeniambia hapa hapa, kwa huu ukuta. Mbona umtume Chepngeno? Yule mama wa watu alikuwa anatetemeka."

"Nilikuambia hapa hapa. Mara ngapi? Nikisema, 'Wamaitha, hii kifua haiendi mbele,' unaniziba mdomo. Unasema, 'Nyamaza, Mungu ameahidi.' Ningesema wapi ili unisikie?"

Ilikuwa kweli. Kila Jumapili alikuja na nyimbo, na habari za ng'ombe, na mipango ya nyumba. Na kila Kipketer alipojaribu kusema jambo lenye uzito, alilifunika kwa maombi.

"Daktari amesema nini?" aliuliza mwishowe.

"Amesema pafu ya kulia imeisha. Ya kushoto inafuata." Alisema hivyo taratibu, bila kumkazia macho, ili Wamaitha aimeze habari hiyo polepole. "Ameniuliza kama nina watu wa kuambiwa. Nikamwambia niko na dada, na niko na mchumba, lakini mchumba hasikii."

Hapo hasira ilimtoka Wamaitha, na kama alivyoogopa, kilibaki kilio. Aliinamia ukuta akalia kwa sauti, wagonjwa wa vitanda vingine wakageukia upande wa pili kwa heshima. Kipketer alinyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha. Hakuna kitu kinachouma kama kumwona unayempenda akilia umbali wa mkono nawe umekatazwa kunyoosha huo mkono.

"Sasa nisikilize," alisema alipoona amepunguza. "Siku ile ulishuhudia, Mungu alikuambia nini? Sio vile ulisema kwa mkutano. Vile Yeye alisema."

Wamaitha alijipangusa kwa kiganja. "Asubuhi hiyo nilikuwa napalilia mahindi. Nilikuwa nimebaki nyuma ya wenzangu, nalia, namwambia Mungu mimi siwezi kubaki peke yangu. Siwezi kabisa. Na nikasikia hapa," akagusa kifua, "wazi, vile nakusikia wewe. Alisema hataniacha."

"Halafu?"

"Ni hivyo tu."

"Alisema Kipketer atapona?"

Mgonjwa mmoja alikohoa, mwingine akamfuata.

"Hakusema," Wamaitha alinong'ona. "Lakini mimi nilijua ndiyo maana yake. Angewezaje kusema haniachi, halafu akuchukue wewe? Si ni kitu kimoja?"

"Sio kitu kimoja, mpenzi wangu." Kipketer alimeza mate kwa shida. "Alikuahidi kitu chake, wewe ukaning'iniza mimi juu yake. Mimi nitakuacha. Sipendi, lakini nitakuacha. Na ile siku nitakuacha, watu wote wataangalia uso wako waone Mungu wa Wamaitha ni mwongo. Na wewe pia utajiuliza, utasema kama hii alinidanganya, hata zile zingine ni uwongo. Utanipoteza mimi, halafu utampoteza na Yeye. Utabaki na nani? Ndio maana nilimtuma Chepngeno. Mimi naweza kubeba kifo changu, Wamaitha. Hicho cha imani yako siwezi."

Alikohoa sana baada ya hapo. Sista akaja na bakuli lenye mfuniko, akampangusa, akamtazama Wamaitha kwa jicho la kumwambia muda umekwisha. Kisha akautazama uso wa Wamaitha, akaondoka na bakuli lake.

"Wewe unaogopa?" Wamaitha aliuliza.

"Usiku, nikikosa hewa, naogopa sana. Nisikudanganye." Alitulia avute pumzi. "Lakini nikishatulia nafikiri hivi. Mwenye shamba alituahidi nyumba za mawe tangu nikiwa kijana mdogo. Baba yako aliniahidi wewe, akabadilika. Hata mimi nilikuahidi nitakupeleka kwa wale ndege, na sitaweza. Lakini Yeye alisema ameenda kututengenezea mahali. Hajawahi kuniambia kitu akageuka, hata mara moja. Kwa hivyo akisema kuna mahali, mimi najua kuna mahali. Na akisema hatakuacha wewe, naweza kufunga macho. Si ningekufa kwa wasiwasi, kama hiyo ni uwongo?"

Wamaitha alikaa na maneno hayo. Alijaribu kumkasirikia Mungu, akaona hasira haishiki, maana alikumbuka ile asubuhi ya mahindi vizuri sasa, bila kuongeza lake, na sauti ilikuwa pale pale ilipokuwa. Haikuwa imesema zaidi ya ilivyosema, wala haikuwa imesema pungufu. Yeye ndiye aliyekuwa ameisikia nusu na kuimalizia mwenyewe. Ilimuuma, lakini chini ya uchungu alisikia kitu kigumu cha kusimamia.

"Haya," alisema, akajikaza. "Nimesikia. Umesema wewe ni kizuizi."

"Ndiyo."

"Nimekiona hicho kizuizi. Nakitaka hivyo hivyo."

"Wamaitha..."

"Niache na mimi nimalize, wewe umeongea sana leo. Nilitaka kuolewa na wewe kwa sababu utapona. Sasa nataka kuolewa na wewe tu. Nitamwambia Mwalimu asome tena."

"Tangazo likipingwa linaanza upya, hiyo ndiyo kanuni. Jumapili tatu tena." Aliachia tabasamu dogo. "Sidhani nitafika ya tatu."

"Tutafika pale tutafika."

Jua lilikuwa limeanza kushuka mgongoni mwa Wamaitha, na kivuli chake kilikuwa kimevuka ukuta bila kuombwa ruhusa na mtu, kikalala juu ya blanketi. Kipketer alikiona kwanza. Aliusogeza mkono wake polepole, akauweka juu ya kivuli cha mkono wa Wamaitha, akauacha hapo. Kengele ya wageni ilipolia, mkono ulikuwa bado hapo.

*

Nje ya lango alimkuta baba yake, vumbi mpaka magotini, amekaa kwenye jiwe. Mzee wa umri ule alikuwa amemfuata kwa miguu kutoka Kiamunyi.

"Amesemaje?" Mathenge aliuliza.

"Amekubali tutangaze upya."

Walishika njia ya kurudi Kiamunyi. Kisha Mathenge alisema, "Leo mimi nilikuwa nisimame. Nilikuwa nimeshashika benchi. Yule mama akanitangulia."

"Najua, Baba."

"Sikumchukia yule kijana. Usifikiri hivyo. Ni mimi nilimfundisha kushika jembe la ng'ombe." Aliivua kofia, akaivaa tena. "Lakini utakuwa mjane kabla ya kuwa mke, Wamaitha. Mtoto wangu wa kwanza! Watu watakuita nini? Na ile ahadi yako, iko wapi?"

"Iko, Baba. Ni mimi sikuwa nimeisikiliza mpaka mwisho."

Mathenge alitikisa kichwa. "Mimi sitabariki hiyo kitu," alisema, akatangulia mbele mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Kang'ethe alisoma tangazo kwa mara ya kwanza. Kabla ya kusoma, Wamaitha aliomba ruhusa, akasimama mbele ya watu wote akasahihisha ushuhuda wake. Alisema Mungu hakumwambia Kipketer atapona. Alisema aliongeza mwenyewe, kwa sababu alikuwa anaogopa, na aliwaomba msamaha walioitika amina. Safari hii hakuna aliyeanzisha wimbo. Mathenge alisikiliza akiwa ameinamia kofia yake. Jumapili ya pili tangazo likasomwa, na jioni yake Wamaitha akaenda ukutani kumwambia Kipketer, naye akaitika kwa kufumba macho na kuyafumbua, maana sauti ilikuwa imekwisha.

Katikati ya wiki, wanawake wakiwa shambani, Chepngeno alionekana akija kati ya mistari ya mahindi. Kila alfajiri alikuwa akimpelekea ndugu yake maziwa ya kibuyu, yale ya Kinandi yaliyogandishwa na kutiwa unga wa mkaa, na kila mara alirudi akiwa na kibuyu kitupu kikining'inia. Leo alikuwa amekipakata kwa mikono miwili. Wamaitha alimtazama jinsi anavyokibeba, akajua kwamba kimejaa. Aliweka jembe chini. Hakupiga kelele. Alikwenda akakishika kile kibuyu upande mmoja, Chepngeno upande mwingine, wakakaa chini nacho hivyo hivyo katikati yao, na wenzao wakaacha kazi wakaja kuwazunguka.

Walimzika mjini, ndugu wakiimba. Wamaitha aliimba mpaka ubeti wa pili, halafu akashindwa, na wengine wakammalizia.

*

Jumapili ilipofika, Wamaitha alivaa gauni lake la bluu akaenda kanisani. Mamake alimwambia abaki nyumbani, akasema hapana. Usiku wote alikuwa amemwuliza Mungu swali moja, "Uko?" na hakusikia sauti yoyote. Kulipokucha aligundua kwamba amekuwa akizungumza na mtu usiku kucha, na mtu huzungumza na aliyepo. Haikumpunguzia machozi. Ilimtosha kumwinua kitandani.

Mwalimu Kang'ethe alifika kwenye matangazo. Alitangaza mkutano wa akina mama. Alitangaza ubatizo. Akafunua ukurasa, akasita, akaufunika tena, akafunga kitabu.

"Tusimame tuombe," alisema.

"Bado," ilisema sauti upande wa wanaume.

Mathenge alikuwa amesimama. Kofia alikuwa ameishika kwa mikono miwili. "Umeruka moja, Mwalimu."

"Mzee," Mwalimu alisema kwa upole, "huyo ndugu tumemzika juzi."

"Hata mimi nilikuwa huko. Nilitupa udongo." Mathenge aligeuka akawatazama watu. "Hapa kanisani ilisemwa kuna kizuizi. Watu walisikia, na mimi nilifurahi. Mungu anajua nilifurahi. Sasa nataka watu wasikie kama bado kipo. Soma."

Mwalimu alilitazama kanisa. Alifungua kitabu.

"Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisoma, na kila jina alilitaja polepole, "ndoa kati ya Zakaria Kipketer, wa shamba hili, na Rahabu Wamaitha binti Mathenge, wa shamba hili. Kama kuna mtu anayejua kizuizi chochote, aseme sasa."

Chepngeno aliinamisha kichwa. Hakuna benchi lililolia. Mwalimu alingoja muda mrefu kuliko alivyowahi kumngojea mtu yeyote, na hakuna aliyesimama.

Ndipo Mathenge, mzee wa kanisa, alipofanya jambo ambalo hakuna mwanaume aliyewahi kulifanya kanisani mle. Aliacha nafasi yake, akavuka ile njia ya katikati, akaenda upande wa wanawake mpaka benchi la pili. Wangare alisogea. Mzee akaketi karibu na binti yake, akamwekea kofia yake magotini, akamshika mkono.